Mafuta ya alizeti, nazi au nyonyo badala ya oili ya 2T kwenye boti

SWALI: Navua kwa boti yenye mashine ya HP 15, ile ya kuchanganya oili na petroli. Kila nikiiwasha naona utando wa oili juu ya maji tunayovulia. Je, naweza kutumia mafuta ya alizeti, nazi au nyonyo? Nasikia ndege za zamani zilitumia nyonyo. – Mvuvi, Kilwa

JIBU: Ndugu yangu, habari ya ndege ni kweli. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zilitumia nyonyo, na hata jina Castrol limetokana na mafuta hayo. (Marubani walivuta moshi wake na matumbo yakawachafuka, maana nyonyo ni dawa ya kuharisha.) Yalipendwa kwa kuwa petroli haiyayeyushi kwa urahisi, hivyo hayakuoshwa kwenye vyuma. Kwako sifa hiyo hiyo ni hasara. Kwenye ndege zile yalipelekwa kwenye mashine kwa pampu yake, mbali na petroli. Wewe utayamimina ndani ya tangi, yakijitenga yatatulia chini, na mashine inaweza kuvuta petroli tupu.

Alizeti hulainisha vizuri sana, lakini haivumilii joto. Asidi zake nyingi hushika oksijeni, zinaungana, zinageuka gundi. Tazama ukingo wa kikaango cha siku nyingi: utando ule wa kahawia ndio utakaoganda kwenye ringi za pistoni. Nazi hushika oksijeni polepole zaidi, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kama mafuta yote ya jikoni haina viungo vya kusafisha silinda wala kuzuia kutu ya maji chumvi.

Ukitaka mmea, tafuta oili ya 2T ya esta, yaani mafuta ya mimea yaliyobadilishwa kiwandani. Kwenye kopo kuwe na alama TC-W3, ya oili ya 2T kwa mashine za boti, na maelezo kwamba inaoza kwa kipimo cha OECD 301B, kipimo cha kimataifa cha kuozeshwa na vijidudu, yaani angalau asilimia 60 ndani ya siku 28. Bei yake ni kubwa, sikufichi.

Kabla ya hapo, pima mchanganyiko wako. Wengi humimina kwa macho. Kitabu cha mashine kikisema 50 kwa 1, lita 10 za petroli zinataka mililita 200 tu. Ukitia 400, nusu unaimwaga baharini kwa pesa yako. Alizeti iliyobaki paka mnyororo wa chenso, huko inafaa, mradi uusafishe kabla ya kuuhifadhi.