Ukiitazama filamu hii ya Kijerumani ya 1946, usimwondolee macho mwenye sufuria

Kila ninapoitazama *Die Mörder sind unter uns*, yaani "Wauaji wako kati yetu", na watu wapya, wote huishia kumwonea huruma Daktari Mertens. Siwalaumu. Amerudi Berlin kutoka vitani, mji ni vifusi vitupu, kazi ya udaktari imemshinda na anashinda kwenye pombe. Ila ushauri wangu ni kwamba jicho lako limfuate Brückner.

Huyu alikuwa kapteni wake. Mkesha wa Krismasi wa 1942, katika kijiji kimoja cha Poland, aliamuru raia wapigwe risasi. Mertens alimsihi asifanye hivyo, hakusikilizwa. Vita vimekwisha, na Brückner hana hata doa: ana mke, watoto na kiwanda kinachogeuza kofia za chuma za askari kuwa sufuria. Arno Paulsen anamwigiza kwa uchangamfu unaoudhi. Ni mtu ambaye ungemkaribisha chai bila kusita. Kuna mahali anakula mkate uliofungiwa gazeti, na gazeti lenyewe lina habari ya watu milioni 2 waliouawa kwa gesi. Yeye anatafuna tu. Ukikazana kusoma tafsiri chini ya skrini hapo patakupita, kwa hiyo simamisha filamu uitazame ile meza.

Halafu, kabla hujaisifu sana, jua walioitengeneza ni akina nani. Wolfgang Staudte, mwandishi na mwongozaji, aliwahi kuigiza sehemu ndogo katika *Jud Süß*, filamu ya chuki dhidi ya Wayahudi ya 1940. Borchert, anayeigiza Mertens, alikamatwa kwa kuficha, kwenye fomu ya kuulizia mambo ya enzi ya Nazi, kwamba alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Wapo wanaosema mambo haya yanaiharibu filamu. Mimi naona yanakipa uzito kile kichwa chake cha "Wauaji wako kati yetu".

Mwisho wake huwagawa watu. Staudte alitaka Mertens amuue Brückner, lakini Wasovieti, mojawapo ya mataifa yaliyoitawala Berlin baada ya vita, ambao ndio waliomruhusu kupiga filamu baada ya Wamarekani kumkatalia, hawakutaka watazamaji wajichukulie sheria mkononi. Ndiyo maana Susanne, mwanamke anayempenda Mertens, anawahi kumzuia. Kuna wanaoona mwisho huu umepoa. Mimi naukubali, maana Brückner anabaki hai akipiga kelele kwamba hana hatia, na hiyo inakera kuliko maiti.

Kinachonikwaza mimi ni Susanne mwenyewe. Hildegard Knef anaigiza mwanamke aliyetoka kambi ya mateso, lakini nywele zimekaa vizuri, uso unang'aa, na karibu hakuna anayemuuliza yaliyomkuta huko. Kazi aliyopewa ni kufagia nyumba na kumtibu mwanamume moyo. Ukipata nafasi ya kuitazama mara ya pili, mfuate yeye peke yake, uhesabu ni mara ngapi anazungumzia maumivu yake mwenyewe.

Na wale Wapoland hawasemi chochote. Tunawajua kwa ripoti ya kijeshi tu: wanaume 36, wanawake 54, watoto 31, risasi zilizotumika 347.