Chenji za usiku

Mwanangu,

Ijumaa uliniuliza kwenye simu hawa vijana wa mapanga wa Kisauni waliingiaje kwenye biashara ya unga, yaani heroini. Nilikujibu haraka kwa sababu mafuta yalikuwa motoni. Leo nimekaa.

Unga haukuletwa na wao. Mimi ni kigoli, miaka ya themanini, brauni, heroini ya rangi ya kahawia, ilikuwa tayari inavutwa hapa Mombasa. Unatoka Afghanistan, unashushwa pwani ya Iran na Pakistan, unapakiwa majahazini. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini nje ya pwani yetu, ndani ya jahazi moja tu. Mzigo huo si wa mtoto wa maskani. Wenyewe ni watu wazima, wana majumba. Mmoja wao, Mzee Ibrahim Akasha, alipigwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe wawili walipelekwa Marekani 2017, mmoja akafungwa miaka 25, mwingine 23.

Sasa, mwingi unapita kwenda Ulaya, ila unaobaki lazima uuzwe kete kwa kete, vipakiti vidogo vidogo, na kete zataka miguu. Vijana wetu walikuwa na miguu na hawana kazi. Walikuwa wa mpira tu, na kupigana na mtaa wa pili. Uchaguzi ukija wanasiasa wakawalipa wawatishie wapinzani, ukiisha wakawasahau. (Hao nao siwasamehei.) Walibaki na mapanga na kona yao inayoogopwa, na muuza unga hataki zaidi ya hapo.

Mimi nilijua kwa chenji. Wamkumbuka yule kijana mrefu aliyekuwa akikutengenezea baiskeli? Alianza kuja kwenye karai langu usiku na soksi imejaa sarafu na noti za hamsini zilizokunjwa hadi zikawa kama ukucha. "Mama, nipe noti kubwa." Nami nilimpa, mwanangu, maana chenji hunisumbua asubuhi. Miezi kadhaa. Sikuuliza, na alinunua viazi vya wenzake wote.

Halafu sarafu zikapungua. Akawa anakuja anajikuna, makamasi yanamtoka, arosto ya kukosa unga imemshika, anaomba kiazi kimoja. Juzi ameniletea mtungi wa gesi ninunue. Nilipougeuza nikaona rangi nyekundu chini, niliyoipaka mwenyewe kwa mkono wangu, ya kuutenga na wa jirani.

Nimeununua.

Mamako