Maswali ya Wasomaji: Samaki Chini ya Mwimo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kwihara, Tabora. Nilipotembelea Mji Mkongwe wa Unguja niliona chini ya miimo (nguzo za ubavuni) ya mlango mmoja umbo lenye magamba, na mlango wenyewe umejaa misumari mikubwa ya shaba. Kijana aliyetutembeza alisema umbo hilo ni samaki na misumari ni ya kuzuia tembo. Je, ni kweli?

JIBU: Kuhusu samaki kijana wako hakukosea. Samaki huchongwa kwenye kitako cha mwimo, na juu yake hupanda mzabibu au majani mpaka kizingiti cha juu. Maana inayotajwa zaidi ni uzazi na riziki: samaki hutaga mayai mengi, na mwenye nyumba huomba kizazi chake kiongezeke vivyo hivyo. Kwa kuwa mafundi wengi wa Kiislamu walisita kuchonga sanamu ya kiumbe mwenye roho, samaki huyo mara nyingi hana jicho wala mdomo. Yamebaki magamba, nayo yamepangwa kwa ustadi hata mtu asiyejua hudhani anaona jani au nanasi.

Hadithi ya tembo nayo ina asili, ila si ya Unguja. Husimuliwa kwamba huko India milango ilipigiliwa misumari yenye ncha ili tembo wa vita wasiisukume kwa vichwa. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na mafundi, na ilipofika pwani yetu misumari ilikuwa pambo na dalili ya ukwasi. Tembo aliyefika Unguja katika karne ya 19 alifika akiwa pembe tu, tena mara nyingi mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, yaani wazee wenu wa Tabora; pembe haivunji mlango, bali ndiyo iliyowapa matajiri wengi fedha ya kuuchongesha.

Wewe huna haja ya kwenda mbali kuona kazi ya aina hiyo, kwani tembe (nyumba ya paa bapa) la hapo Kwihara, walimokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872, lina milango ya nakshi ya mtindo huo wa pwani. Watu wengi hutazama kizingiti cha juu kwanza. Anza chini, karibu na kizingiti cha miguuni, kisha pandisha macho taratibu kufuata mwimo.