Redio ya ridhaa kwenye mbio ndefu za milimani: jibu kwa mwenzetu wa Iringa

Mwenzetu wa Iringa anasema amepata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na kujitolea, mwaka huu, ana redio moja ya mkononi ya wati 5, na waandaaji wa mbio ndefu za milimani wamemwomba asimamie mawasiliano katika kituo kimoja cha maji. Anauliza kama redio hiyo itamtosha, na kama kuna haja ya redio yoyote wakati kila msimamizi ana simu mfukoni. Nimejitolea katika kazi hiyo misimu minne, mitatu upande wa Mbeya na mmoja huko huko kwenu Iringa, kwa hiyo nitamjibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Suala la simu halina mjadala mrefu. Ukiiacha lami pale Isyonje, upande wa Mbeya, ukapanda barabara ya kwenda Kikondo, utapita mabonde ambamo simu hukata kabisa, na hata inaposhika, huunganisha watu wawili tu kwa wakati mmoja. Mkimbiaji akianguka, daktari, dereva wa gari la wagonjwa, kituo cha nyuma na kituo cha mbele wote wanahitaji kupata habari hiyo papo hapo. Redioni unaisema mara moja wakaisikia wote, na mwenye la kuongeza hujitokeza bila kutafutwa. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kukaa saa nzima bila kufunguliwa, nawe usijue kama umesomwa.

Kuhusu wati 5, zinatosha kabisa endapo mlima haujasimama kati yako na unayezungumza naye. Masafa yetu yanayoitwa ya mita 2 kwa urefu wa wimbi lake, yaani megahezi 144 hadi 146, husafiri karibu kama mwanga: yakikutana na mgongo wa mlima huishia hapo, na kuongeza nguvu ya redio hakusaidii sana. Ndiyo maana upande ule wa milima ya Uporoto tulimweka mwenzetu mmoja juu mgongoni, mahali alipowasikia watu wa pande zote mbili, awe anapokea ujumbe wa bondeni na kuufikisha kwa kituo kiongozi, kile kinachoongoza mawasiliano na kutunza orodha ya mbio nzima. Ningeshauri fedha yoyote uliyonayo uiweke kwenye antena kabla ya kufikiria redio kubwa zaidi. Ile antena fupi ya mpira inayokuja na redio hupoteza sehemu kubwa ya nguvu uliyonayo. Mimi hubeba antena ya waya bapa yenye umbo la herufi J, isiyofika urefu wa mita 2, ninayoiviringisha mfukoni na kuitundika kwenye tawi la mkaratusi kwa kamba ya katani. Kituo ambacho kwa antena ya mpira kilinisikia kwa kukwaruza kilinipata safi mara tu nilipoipandisha. Nenda ukaipime siku mbili au tatu kabla, ukiwa umesimama palepale utakaposimama siku ya mbio, kwa sababu hatua ishirini kando ya kona huweza kukutoa kwenye kivuli cha mlima.

Sasa niseme jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike kwa urefu huu. Wageni wengi hudhani kazi yetu ni kuzungumza, kumbe waandaaji wanachotutegemea kwacho ni kujua nani yuko wapi. Katika msimu wangu wa pili nilikuwa kituo cha tano, mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi huwezi kuona lori la viazi linalokuja mpaka liwe mbele yako. Wakimbiaji walipita kwa mafungu, nami nilikuwa nikiandika namba zao za kifuani na kuzituma. Mkimbiaji namba 417 alipopita, nilibonyeza kitufe cha kusemea na kutamka papo hapo: nne, moja, saba. Redio huhitaji kama nusu sekunde hivi ianze kurusha, na ile ya upande wa pili nayo ifunguke, kwa hiyo tarakimu ya kwanza ililiwa. Kilichofika ni moja, saba. Kituo kiongozi kiliandika kwamba namba 17 amepita kwangu salama.

Namba 17 alikuwa mama wa makamo aliyeteguka kifundo cha mguu kilomita kadhaa nyuma yangu. Mkulima mmoja alimwona ameketi kando ya barabara, akamchukua hadi jikoni kwake apate moto, na huko hakuweza kuonekana na gari la mwisho lililokuwa likikusanya waliochoka. Jumla zetu zililingana, kwa kuwa mtu mmoja aliandikwa badala ya mwingine, na namba 417 alipotokea kituo cha sita walidhani tu kwamba nilisahau kumtaja. Hakuna aliyeshtuka mpaka kituo cha sita kilipotaka kufunga na namba 17 hajafika. Hapo ndipo niliposoma daftari langu tarakimu kwa tarakimu, tukaona kwamba sikuwahi kumwandika. Bodaboda aliyetumwa kurudi nyuma aliulizia nyumba kwa nyumba hadi akampata, amefunikwa kitenge, anatetemeka, kifundo kimevimba kiasi kwamba kiatu kilikataa kutoka. Alikuwa amekaa hapo karibu saa mbili. Alipona, lakini saa mbili hizo zilikuwa juu yangu, na sijazisahau.

Tangu siku hiyo hubonyeza, nikavuta pumzi, nikataja kituo changu kwanza ndipo nitaje namba, ili kama kuna kinachopotea mwanzoni kisiwe tarakimu. Namba haisomwi kama hesabu ya sokoni. Usiseme mia nne kumi na saba, taja tarakimu moja moja, na anayepokea azirudie kabla hujaendelea. Kiswahili chetu kina mitego yake hapa, maana palipo na mkwaruzo tatu na tano hufanana, nne na nane huchanganyika, na sita na saba huanza kwa sauti moja. Kila nusu saa mwombe kituo kiongozi mlinganishe orodha zenyewe, namba kwa namba, kwa sababu jumla pekee iliwahi kutudanganya. Andika kwa penseli, kwani wino wa kalamu husambaa karatasi inapolowa ukungu.

Kaa kimya kati ya ujumbe na ujumbe. Katika redio hizi za FM, watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, mara nyingi mwenye mawimbi yenye nguvu ndiye husikika, na mnyonge hufunikwa bila mtu kujua kwamba alikuwa anaita. Huyo mnyonge mara nyingi ndiye aliye mbali kabisa na mwenye shida kubwa kabisa. Ukiacha sekunde mbili tatu kabla ya kujibu, unampa nafasi ya kuingia.

Kumbuka pia kwamba mazungumzo yetu yako wazi, na yeyote mwenye kipokezi anaweza kuyasikiliza. Mgonjwa mtaje kwa namba yake, usitaje jina, na hali yake uieleze kwa kiasi ambacho daktari anahitaji ili aamue kutuma gari au kutotuma: ana fahamu au hana, anatembea au hatembei, anatapika, anasema maneno yasiyoeleweka. Usikisie ugonjwa. Mtu aliyekunywa maji mengi kupita kiasi naye huweza kuchanganyikiwa na kutapika, na ukimtangaza hewani kwamba kaishiwa maji, kuna msimamizi mwema atakayemwongezea mengine na kumdhuru. Likitokea zito kuliko hayo, omba daktari mkuu aje kwenye redio mwenyewe, au nenda mahali simu inaposhika umpigie.

Upande wa sheria, beba nakala ya leseni yako ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na utaje namba yako ya wito, yaani utambulisho wako wa hewani, ile inayoanza na 5H, kama masharti yanavyotaka. Usimkabidhi redio mtu asiye na leseni akazungumza peke yake kwa sababu tu wewe umekwenda kula. Huduma yetu inaitwa ya ridhaa kwa maana kamili: kanuni za kimataifa zinaieleza kuwa ni ya watu wasiotafuta faida ya fedha, kwa hiyo chakula na fulana pokea kwa moyo mweupe, lakini bahasha ya posho kwa ajili ya kurusha mawimbi irudishe kwa heshima. Nimeona waandaaji wakishangaa mwanzoni, kisha wakatuamini zaidi.

Baridi ya huko juu unaijua, ila huenda hujaiona ikila betri. Betri iliyojaa chaji usiku huweza kuonyesha nusu alfajiri ikiwa imelala nje, kwa hiyo ile ya akiba ikae ndani ya koti, karibu na mwili. Punguza nguvu ya kurusha hadi wati 1 kama unasikika vizuri. Chukua chupa ya chai yako mwenyewe, kwa maana ile ya kituoni ni ya wakimbiaji.

Gari la mwisho likipita, usikunje antena. Soma orodha yako yote kwa kituo kiongozi, subiri mpaka kila namba iliyopita kituo cha nyuma iwe imepita kwako au imejulikana iko kwenye gari gani, kisha uombe ruhusa ya kufunga na uandike saa uliyopewa. Ukishajua umepangiwa kituo gani, kitaje hapa; kama kipo upande wa Mbeya nitakuletea antena ya waya nyingine na tukapime pamoja siku moja kabla.