Private au sekondari ya kata: anza kwa kuhesabu walioingia

Mkuu, umeuliza kama mwanao anayemaliza la saba hapa Mbeya umlipie private au aende sekondari ya kata alikopangiwa, na ushahidi wako ni matokeo ya kidato cha nne ya shule mbili. Matokeo hayo ni ya kweli, ila hayakuambii nani kafundisha zaidi. Private nyingi zinachuja kwa mtihani wa kujiunga. Sekondari ya kata inapokea kila aliyefaulu na kupangiwa. Na hata za serikali hazifanani: shule kongwe kama Loleza, Iyunga na Ifunda huwezi kuziweka fungu moja na shule ya kata iliyojengwa juzi.

Fanya hivi. Ingia tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, fungua upimaji wa kidato cha pili wa 2022, halafu kidato cha nne cha 2024, shule ile ile. Hesabu watahiniwa. Kama walikuwa 90 wakabaki 61, uliza 29 wako wapi. Shule ya kata wengi huwa wameangushwa na utoro, mimba au kazi za shamba. Baadhi ya private huwa wameondolewa kwa kukosa "wastani wa shule", kisha division (madaraja ya ufaulu) zinahesabiwa kwa waliobaki. Wengine waliorudia darasa au kuhama utawakuta kote.

Usidanganyike na asilimia ya ufaulu pia. Mwenye D mbili (pointi 4 kila moja) na F tano (pointi 5 kila moja) ana pointi 33, hiyo ni division IV na anahesabika kafaulu. Angalia division I hadi III ni wangapi kati ya wote, kisha shuka chini kwenye GPA ya Hisabati, yaani wastani wa shule kwenye somo hilo. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri.

Sasa tofauti yenyewe inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kusahihisha. Mwalimu wa Hisabati mwenye darasa la watoto 90, akitumia dakika moja tu kwa daftari, zoezi moja linamla saa moja na nusu. Akiwa na mikondo miwili ni saa tatu, na kesho yake ana vipindi vingine. Kwa hiyo anawaambia wabadilishane madaftari, au anapiga vema kwenye jibu la mwisho. Mtoto anayekosea kujumlisha sehemu kidato cha kwanza anaingia nalo kosa hilo kwenye aljebra, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Inauma, maana si mjinga huyo. Private yenye watoto 40 darasani inaweza kuliona kosa wiki ile ile, kama kweli inasahihisha.

Kwa hiyo omba daftari la mtoto wa katikati, usipewe la kinara wa darasa. Tafuta mazoezi matatu au zaidi kwa wiki, wino mwekundu kwenye hatua za kazi, na masahihisho ya mwanafunzi chini yake. Ukikuta notisi safi zilizonakiliwa ubaoni na maswali ya mitihani iliyopita tu, hapo wanakaririshwa, na private za namna hiyo zipo nyingi. Mpe mtoto swali lililogeuzwa: shati baada ya punguzo la asilimia 20 linauzwa 24,000, bei ya mwanzo ilikuwa ngapi? Aliyekariri atakuletea 28,800. Aliyeelewa atakwambia 30,000.

Lugha nayo ina uzito. Aliyesoma la saba kwa Kiswahili anakutana na Biolojia ya Kiingereza Januari, wakati wa inglishi midiamu anaendelea tu. Pengo hilo linazibika kwa kusoma Kiingereza kila siku kuanzia wiki ya mtihani wa la saba, bila kusubiri shule ifunguliwe.

Halafu muda na chakula. Bweni lenye prepu ya saa mbili kwa usiku tano linaongeza saa kumi za kujisomea kwa wiki. Mtoto wa dei anazihitaji saa hizo nyumbani, kwenye taa na meza. Ada serikali ilifuta, na ruzuku inayoipa shule ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, hela ambayo haiwezi kupika makande. Mahindi na maharage yanatoka kwa wazazi. Wasipochanga, vipindi vya mchana vinapita mtoto ana njaa, na baridi ya Juni huku kwetu unaijua.

Kama hela ni ya kubana, mimi naiamini zaidi sekondari ya kata yenye walimu wa Hisabati na Fizikia waliotulia, na chakula, kuliko private ya bei ndogo ambayo walimu wake wanaondoka katikati ya muhula kila ajira za serikali zinapotoka. Ukifika ofisini uliza jambo hilo mapema: mwalimu wa Hisabati wa sasa ana muda gani hapo, na kabla yake walipita wangapi. Nenda siku ya kawaida ya masomo, saa nane mchana, usiende siku ya wazazi.