Kwanza tengeneza data ya uongo

Mwaka wa pili wa uzamivu nilipata matokeo yaliyoninyima usingizi kwa furaha. Nilikuwa na seli za neva 212 kutoka gamba la ubongo la panya, nikilinganisha zinavyoitikia sauti panya anapokimbia na anapotulia. Tofauti ilionekana hata kwa macho, ukitupia jicho grafu tu. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu kama kweli haipo, ilikuwa chini ya 0.001. Nikampelekea msimamizi wangu wa upande wa hesabu nikingoja pongezi. Akauliza swali moja: "Panya wangapi?"

Watatu.

Hakuongeza neno, na hakuhitaji. Seli za panya mmoja ni ndugu wa tumbo moja: zimerekodiwa kwa elektrodi ileile (waya mwembamba unaonasa umeme wa seli), siku ileile, mnyama akiwa na hofu au uchovu uleule. Mimi nilizihesabu kama mashahidi 212 wasiojuana, na kipimo changu cha takwimu kikaniamini. Nilipochambua upya kwa modeli inayojua kila seli ni ya mnyama gani, sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa imebebwa na panya mmoja. Miezi minane ikawa imeenda na maji.

Wanaotaka kuingia kwenye uzamivu wa namna hii, nusu maabara nusu hesabu, huniuliza mara nyingi ni bora kutokea baiolojia au hisabati. Nimewaona wa kila upande wakifaulu na wakikwama. Kilichoniangusha mimi si nilikotoka, ni mpangilio: nilikusanya kwanza, hesabu nikaziachia mwisho, kama mtu anayejenga nyumba kisha ndiyo anamwita fundi apime kiwanja.

Tazama walivyofanya Alan Hodgkin na Andrew Huxley, ambao kazi yao ya 1952 bado ndiyo mlango wa fani hii ya kuelewa neva kwa hesabu. Walitumia mshipa wa neva wa ngisi, mnene kiasi cha kuingiza waya ndani yake. Waliishikilia volteji ya utando wa seli isibadilike, wakapima mkondo unaopita, kisha wakapunguza sodiamu kwenye maji yanayouzunguka mshipa ili wajue sehemu gani ya mkondo ni ya sodiamu na ipi ni ya potasiamu. Jaribio la namna hiyo hubuniwa na mtu ambaye tayari anajua anataka kuhesabu nini. Halafu Huxley alikokotoa umbo la mpigo wa neva, ule mshtuko mfupi wa umeme ambao seli hutumia kupeleka ujumbe, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, maana kompyuta ya Cambridge haikuwa ikifanya kazi wakati huo. Milinganyo yao ilidokeza kuwa kwenye utando kuna vilango vinavyofunguka na kufunga, na hiyo ni zaidi ya miaka ishirini kabla Erwin Neher na Bert Sakmann hawajarekodi mkondo wa kilango kimoja, mwaka 1976.

Basi ushauri wangu mkubwa ndio huu: kabla hujamgusa mnyama, andika programu inayotoa data ya uongo. Wape panya wako wa kubuni tofauti baina yao, wape seli zao kelele (kupandashuka kwa bahati nasibu), kisha weka athari unayoitafuta iwe sifuri kabisa. Pitisha data hiyo kwenye uchambuzi uleule unaokusudia kuutumia, mara 1,000. Kama uchambuzi unasema "nimepata" zaidi ya mara 50 hivi, na kizingiti chako cha kukosea ni asilimia 5, una ugonjwa na bado hujaanza kazi. Mimi nilifanya zoezi hili baada ya aibu yangu. Lilichukua siku mbili. Uchambuzi wangu ulikuwa unaona kisichokuwepo karibu mara 40 katika kila 100.

Data ya uongo hukulazimisha pia ujue kifaa kinavyodanganya, na hapo ndipo mwanahisabati anapotakiwa kutoka kwenye kiti chake. Kaa maabara miezi mitatu walau. Utajua kwamba elektrodi husogea polepole ndani ya tishu, na seli uliyoiita namba 17 asubuhi huenda mchana ikawa ni jirani yake. Utajua kuwa seli zinazopiga mara chache karibu hazionekani kabisa, kwa hiyo kinachokosekana kwenye jedwali lako hakikosekani kwa bahati nasibu. Utajua mdundo mzuri wa hezi 50 unatoka wapi. (Kwenye umeme wa ukutani. Niliushangilia nusu siku.)

Vifaa vya siku hizi vinazidisha kishawishi cha kutotazama. Kijiti cha Neuropixels, chembamba na chenye elektrodi nyingi, kinasoma chaneli 384 kwa wakati mmoja, kila moja mara 30,000 kwa sekunde. Kwa baiti mbili kila sampuli, saa moja inakupa zaidi ya gigabaiti 80. Programu itakugawia mipigo hiyo kwa seli, nawe utashawishika kuipokea kama ilivyo. Usiipokee. Seli moja haiwezi kupiga mara mbili ndani ya nusu milisekunde, kwa sababu baada ya kila mpigo hupumzika milisekunde moja au mbili. Ukikuta "seli" inayofanya hivyo mara kwa mara, ujue ni seli mbili zimevishwa jina moja.

Kwa anayetoka baiolojia: aljebra ya matriki na uwezekano vitakufikisha mbali kuliko kurukia mitandao ya kina ya akili bandia. Anza na modeli ya Louis Lapicque ya 1907, seli kama ndoo inayovuja ambayo ikijaa humwagika yote na kuanza upya. Iandike mwenyewe, mistari kama ishirini hivi.

Wasimamizi wawili ni neema na ni mtihani. Mmoja atasema ongeza panya, mwingine atasema boresha modeli, na wote watakuwa sahihi kila mmoja ofisini kwake. Waweke chumba kimoja kila mwezi, hata wakilalamika. Kabla hujakubali nafasi, uliza kama wamewahi kusimamia mwanafunzi mmoja pamoja, kisha mtafute mwanafunzi huyo mzungumze bila wao kuwepo.

Mimi nilirudi maabara. Safari hii folda ya data ya uongo ilitangulia folda ya rekodi, na ndiyo iliyoniambia panya watatu hawatoshi hata nikiongeza seli mara kumi. Tulifika panya 11. Tofauti ile ipo kweli, imo kwenye sura ya tatu ya tasnifu yangu, ila ni ndogo kiasi kwamba kwa macho huioni.