Yatembee, si Yauzwe Tu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Jina kubwa la gari hujengwa na nani: anayeliunda, anayeliuza au anayelinunua?", limenikuta nikiwa na mafuta ya mashine mikononi. Kazi ya kukereza chuma nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tisa naifanya nje kidogo ya Detroit, Marekani, kwenye karakana ndogo ya watu wanne. Wasomaji wenzangu watawaandikia kuhusu Mercedes na Toyota, najua. Mimi nitajibu kwa jina moja tu, Cadillac, kwa sababu ndilo nililolishika kwa vidole.

Nyumbani, wengi wetu tunalijua kwa lile gari jeusi la rais wa Marekani. Julai 2013, Obama alipokuja Dar, nilikuwa miongoni mwa tuliosimama juani kandokando ya Barabara ya Nyerere. Mama mmoja akauliza lile ni gari gani. Kijana nyuma yake akajibu: "Lile si gari mama, lile ni mnyama." Hakukosea, maana Wamarekani wenyewe wanaliita hivyohivyo, na chini ya bodi ile mna chasisi yenye asili ya lori. Kilichobaki cha Cadillac pale ni sura na nembo.

Na nembo yenyewe ina mambo. Mji wa Detroit ulianzishwa mwaka 1701 na Mfaransa aliyezaliwa kwa jina la Antoine Laumet, mtu wa kawaida kabisa. Alipovuka bahari akajipa ubwana, akajiita sieur de Cadillac, na ngao ya ukoo akajibunia. Miaka 200 baadaye watengeneza magari wakachukua jina lile na ngao ile, wakaibandika mbele ya gari. Kwa hiyo jina mnaloniuliza nani kalijenga, msingi wake ni wa mtu aliyejibatiza mwenyewe. Nikimsimulia mzee jirani yangu kisa hiki hucheka mpaka akakohoa.

Mwanzo wa kampuni nao nusura uwe mnada. Mwaka 1902 Henry Ford alikorofishana na matajiri waliompa mtaji, akaondoka. (Kampuni aliyoiacha siyo Ford tunayoijua leo, ni iliyoitangulia.) Matajiri wakamwita Henry Leland, mzee wa karibu miaka 60 mwenye ndevu, aje awathaminie mitambo wauze wagawane. Leland akaja na hesabu, lakini akaja na injini pia. Alikuwa ameiandaa kwa ajili ya Oldsmobile wakaikataa: silinda moja tu, ila ilitoa nguvu zaidi ya farasi 10, karibu mara tatu ya ile waliyokuwa wakitumia. Akawaambia wasiuze kitu, waunde magari. Matajiri wakamsikiliza, na kampuni ikaitwa Cadillac.

Huyu Leland ndiye wa kumwangalia. Alikulia kwenye viwanda vya silaha, halafu akafanya kazi Brown & Sharpe, watengenezaji wa zana za kupimia. Kwenye bunduki, kipande cha hii kisipoingia kwenye ile, askari anakufa. Mazoea hayo akayahamishia kwenye magari wakati ambapo magari mengi duniani yalikuwa kama vazi la fundi cherehani, limeshonewa mtu mmoja.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo lililotokea Uingereza mwaka 1908. Gerezani ukinunua spea, hata ile unayoapiwa kuwa ni og, yaani halisi ya kiwandani, unakwenda nayo na tupa mfukoni. Haiingii? Unaipiga tupa. Bado? Msasa. Bado? Nyundo, kwa heshima. Hiyo ndiyo kazi tuliyoizoea, na mwaka 1908 ndivyo ilivyokuwa hata kwa magari ya kifalme. Klabu ya magari ya Uingereza ikaweka mtihani, na aliyejitokeza ni wakala wa Cadillac peke yake. Magari matatu ya silinda moja yakapelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, yakaendeshwa kidogo kuhakikisha yanatembea, kisha yakafumuliwa yote mpaka kipande cha mwisho. Kila gari vipande 721. Vyote vikachanganywa kama mchele na mtama. Klabu ikatoa vipande 89 kwenye rundo, ikaleta vingine kutoka kwenye stoo ya wakala. Mafundi wakapewa spana na bisibisi. Tupa marufuku, msasa marufuku.

Yakaundwa magari matatu upya, rangi zimechanganyika, bodi hii na matairi ya lile. Yakawaka. Yakaendeshwa maili 500, kama kilomita 800. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilikuwa bado Dar, na nilidhani ni chumvi ya watangazaji. Leo najua mashine alizokuwa nazo Leland na namna alivyopima, naona kinawezekana. Klabu ikawapa kombe la Dewar, na kuanzia hapo Cadillac wakajiita kipimo cha dunia. Majivuno, ndiyo, lakini yalikuwa na ushahidi.

Kuna na kisa cha beringi. Kijana mmoja muuza beringi, Alfred Sloan, aliitwa na Leland ofisini. Mzee akazipanga mezani, akachukua mikromita, chombo cha kupimia unene, akazipima mbele yake moja baada ya nyingine, akamwonyesha zinavyotofautiana. Kisha akamwambia kwamba Cadillac hutengenezwa ili itembee, si ili iuzwe tu. Sloan mwenyewe ndiye aliyekuja kukisimulia kisa hicho. Shikeni jina hilo, kwa sababu mwaka 1923 kijana huyo alikuwa mkuu wa General Motors, kampuni iliyoinunua Cadillac tangu 1909.

Mengine ya miaka hiyo nayapitia mbio. Mwaka 1912 waliweka stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na mataniboi wa zamani waliowahi kuvunjwa mkono na hendeli ya kuwashia injini wanajua thamani yake. Kombe la Dewar likaja mara ya pili. Mwaka 1915 ikafuata injini ya V8, silinda nane zilizopangwa kama herufi V. Leland akaondoka mwaka 1917, akaanzisha kampuni nyingine, akaipa jina la Rais Lincoln, aliyempigia kura ujanani. Ilipozidiwa, mwaka 1922 ikanunuliwa kwa dola milioni 8. Aliyenunua? Henry Ford! Miezi michache tu, mzee na mwanawe wakaonyeshwa mlango. Magari mawili makubwa ya kifahari ya Marekani yametoka kwenye mkono mmoja, na mkono huo haukufa na hata moja.

Mpaka hapo mtadhani nampa ushindi anayeunda. Ngojeni.

Ulipofika mdororo wa miaka ya 1930, Cadillac zilikuwa hazinunuliki na wakubwa wa General Motors walianza kufikiria kulifuta jina. Mkuu wa huduma kwa wateja alikuwa Mjerumani, Nicholas Dreystadt. Kazi yake ilimfikisha kwenye karakana za mawakala nchi nzima, na kila alipokwenda aliona jambo lilelile: foleni ya watu weusi walioleta Cadillac zao kufanyiwa matengenezo. Mabondia, waimbaji, madaktari. Ajabu yake ni kwamba utaratibu wa kampuni ulikuwa ni kutowauzia watu weusi, ili weupe wasione jina limeshuka. Wamezipata wapi? Walikuwa wanamlipa mzungu aende dukani kwa niaba yao, na huyo mzungu alikula cha juu kizuri tu.

Inasimuliwa kwamba Dreystadt aliingia kwenye kikao cha wakubwa bila kualikwa, akauliza kwa nini faida ile iende kwa dalali. Wauzieni wenyewe. Wakamkubalia, mauzo yakapanda, na mwaka 1934 akapewa Cadillac yote aiongoze. Sisemi alifanya kwa huruma, alikuwa mfanyabiashara. Ila tazameni palipo uzito: jina lililokuwa linakufa liliokolewa na watu ambao jina hilo lilikuwa linawafukuza mlangoni.

Mzee jirani yangu ni mmoja wa wajukuu wa jambo hilo. Ana miaka zaidi ya 80, mweusi wa Detroit, alistaafia kiwanda cha Cadillac cha Mtaa wa Clark kilipofungwa mwaka 1987. Siku moja nilimuuliza, kwa utani wa kwetu, kwa nini watu weusi wa Marekani walipenda Cadillac kuliko nyumba. Hakucheka. Akaniambia nyumba walinyimwa. Benki zilikuwa zinachora ramani, mitaa ya weusi inapigwa wino mwekundu, mkopo hakuna. Hotelini hawakupokelewa, klabuni hawakuingia. Gari ulikuwa unalinunua kwa fedha yako, unaliegesha mlangoni kwako, na baba yake alilala ndani yake safarini kusini kwa sababu hapakuwa na pa kulala. Niliona haya kwa swali langu.

Ya mapezi mnayajua. Mwaka 1948 Harley Earl, mkuu wa uchoraji, aliweka vipezi viwili nyuma kwa kuiga ndege ya kivita ya P-38. Vikaendelea kukua hadi kufika 1959 vimekuwa mapezi ya papa. Wapo wanaoabudu gari lile. Mimi naliona kama bwana harusi aliyevaa miwani usiku.

Kuanguka kulikuja polepole, na kulikuja kwa mlango wa muuzaji. Mwaka 1981 walitoa injini ya silinda 8 iliyozima silinda 2 au 4 ikiwa mzigo ni mwepesi. Wazo zuri, leo liko kwenye magari mengi, ila kompyuta ya wakati ule ilikuwa nzito, na wenye magari wengi waliishia kukatiwa waya injini ibaki na 8 zake. Kisha likaja gari la Cimarron. Walichukua Chevrolet Cavalier, gari dogo la bei rahisi, wakalivalisha viti vya ngozi na nembo, wakalitia sokoni kwa kama dola 12,000. Mteja si mjinga. Aliingia ndani, akaona Chevrolet ya jirani yake, akatoka. Gari lile lilitengenezwa ili liuzwe, na mwenye kauli ya kukataza hilo alikuwa amekufa tangu 1932.

Wakajaribu kujisafisha. Gari la Allanté bodi zake zilitengenezwa Italia kwa Pininfarina, mabingwa wa bodi za magari, zikapakiwa ndani ya Boeing 747 na kuletwa Detroit kufungiwa injini. Laini ya kiwanda yenye bahari ya Atlantiki katikati! Gharama zake hata mimi nisiye na shahada naziona. Mwaka 1993 wakaacha, na wakati huo Lexus alikuwa ameshaingia, kimya, gari linawaka kila asubuhi.

Lakini iliyoniuma ni ya mwaka 1998. Lincoln, yule mtoto wa pili wa Leland, alikuwa anakaribia kuipita Cadillac kwa mauzo Marekani. Desemba ilipohesabiwa, Cadillac wakatangaza wameshinda kwa magari 222. Miezi mitano baadaye wakakiri hesabu ilikuwa na magari maelfu ambayo hayakuuzwa, wakaomba radhi, ushindi ukaenda Lincoln. Kampuni iliyopata jina kwa kupima mpaka elfu moja ya inchi ilishindwa kuhesabu magari mazima.

Gari lililowarudisha mjini ni Escalade, na lenyewe lilianza kama gari kubwa la GMC, jina jingine la General Motors, lililobadilishwa nembo, dhambi ileile ya Cimarron. Safari hii ilisamehewa, kwa sababu waliolipokea ni wanamichezo na wana hip-hop, vijana weusi kwa sehemu kubwa, wakalipa maana ambayo hakuna mtu ofisini aliyeipanga. Ndiyo ya 1934 tena. Baadaye yakaja magari yaliyostahili kweli, CTS kuanzia 2002, na leo ya umeme. Sawa.

Basi jibu langu, mhariri: fundi ndiye aliyelijenga, mnunuzi ameliokoa mara mbili, na muuzaji akiachwa peke yake nalo hula mtaji.

Yule mzee ana Coupe de Ville ya mwaka 1979. Milango yake ni mirefu na mizito, na baada ya miaka zaidi ya 40 bushi za bawaba zilikwisha, mlango wa dereva ukawa unalala ukifunguliwa. Akaniletea pini mkononi, ameifunga kwenye kitambaa. Nikamkerezea bushi mpya za shaba nyeupe hapohapo, Jumamosi, amekaa kwenye ndoo ananitazama. Ya kwanza ikakaza kidogo. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda kwenye tupa.

"No," akasema mzee.

Nikaitupa ile bushi, nikafunga shaba nyingine kwenye mashine. Nikapima mara tatu. Ikaingia kwa kidole gumba. Tulipoufunga mlango ulitoa sauti moja tu, nzito, kama gunia la mchele linapotua sakafuni. Akaufungua, akaufunga tena. Akaufungua, akaufunga tena.